Mwaka Mmoja na Kisanduku Chini ya Dashibodi: Tathmini ya Huduma ya Kufuatilia Gari

Mwezi Machi mwaka jana nilifungiwa kifaa cha kufuatilia gari kwenye Kirikuu, gari langu dogo la mizigo, ambalo kila siku, isipokuwa Jumapili, hubeba trei za mayai kutoka bandani kwangu Kibada kwenda kwa wateja wa Kariakoo, Ilala na Buguruni. Nilitoa shilingi 150,000 kwa kifaa pamoja na ufundi, na tangu hapo nalipa shilingi 10,000 kila mwezi kwa ajili ya laini iliyomo ndani yake na ya kuona ramani kwenye simu. Nimekitumia kwa muda wa kutosha kukisemea kwa haki. Naandika kwa ajili ya wenye magari ya biashara wanaofikiria kukinunua, ingawa nitalazimika pia kuzungumzia tozo za barabara, kwa sababu tangu kisanduku hiki kiingie garini nimeanza kukitazama kwa jicho jingine kibanda cha malipo pale Daraja la Nyerere, kati ya Kigamboni na Kurasini jijini Dar es Salaam.

Kifaa chenyewe ni kidogo, ukubwa wa kiberiti cha njiti, na fundi alikificha chini ya usukani na kuunganisha waya zake na umeme wa gari. Ndani yake mna vitu viwili vya msingi. Kimoja ni kipokezi kinachosoma mawimbi ya setilaiti na kukokotoa mahali kilipo. Cha pili ni laini ya simu ya kawaida, ambayo gari likiwa mwendoni hutuma kila baada ya sekunde 30 mahali lilipo, mwendo wake na mwelekeo wake kwenda kwenye seva ya kampuni. Wengi husema setilaiti inatuangalia, lakini setilaiti haioni gari wala haijui kama lipo. Hutangaza tu mawimbi yake kwa yeyote mwenye kipokezi. Anayepeleka habari ni ile laini, na anayezitunza ni mwenye seva.

Kama chombo cha kazi, kinafanya kazi, na sitawanyima sifa hiyo. Gari lilipoharibika Mbagala usiku, nikiwa sina njia ya kumwelekeza fundi, nilimtumia alama ya ramani akafika moja kwa moja. Mara moja mtu alichokonoa betri gari likiwa limeegeshwa, nikapata ujumbe kabla hajamaliza kulegeza nati. Katikati ya maghorofa ya Kariakoo alama huyumba ikaruka mtaa mzima, na mara mbili ilinionyesha gari likiwa majini karibu na Kurasini, lakini kwa mtu anayetaka kujua kama mzigo umevuka daraja au bado, hilo si kasoro kubwa. Huduma ya kuzima injini kwa mbali sijawahi kuitumia, wala simshauri mtu aijaribu gari likiwa barabarani.

Kasoro kubwa niliiona siku ile ile ya kununua, kabla hata sijalipa, na najilaumu kwamba nililipa hata hivyo.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi ndani ya duka, fundi akiwa nje anaangalia nyaya za gari langu. Kijana wa mauzo, mwenye adabu na anayeijua kazi yake, akataka kunionyesha jinsi ramani inavyofanya kazi. Akafungua simu yake, ikatokea orodha ndefu ya magari, kila moja na namba yake ya usajili, na mengi yakiwa na jina la mmiliki pembeni. Akagusa mojawapo. Ramani ikafunguka Mbezi Beach. "Unaona mama, huyu ameegesha hapa tangu jana saa tatu na dakika arobaini usiku." Kisha akarudisha nyuma siku saba, mistari ya buluu ikajichora juu ya jiji zima, na kwa kidole chake akawa ananifafanulia safari za mtu nisiyemjua: hapa ni kazini kwake, hapa ni hospitali, alikaa saa mbili, na hapa ni Tabata, huwa anapita kila Alhamisi jioni.

Nilimwuliza, "Mwanangu, kesho akija mteja mwingine, utamwonyesha gari langu?"

"Hapana mama, wewe tayari ni mteja wetu."

"Na huyu je?"

Hakujibu. Aliigeuza simu ikalala kifudifudi juu ya kaunta, na kwa muda tukawa tunasikiliza feni tu.

Sisemi kijana yule alikuwa na nia mbaya. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ile orodha si bidhaa ya kuonyesha, na kampuni ilichokosa ni utaratibu wa kumzuia asiweze kuifungua hata kama angetaka. Nilipokabidhiwa akaunti yangu, neno la siri lilikuwa 123456, na jina la kuingilia lilikuwa namba ya gari, ambayo kila mtu barabarani anaiona. Hakuna aliyeniambia nilibadilishe. Nilibadilisha usiku ule ule nikiwa nyumbani, na ombi langu la kwanza kwa yeyote mwenye kifaa cha namna hii ni kwamba aache kusoma hapa, akabadilishe, kisha arudi.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Dereva wangu sikumwambia. Nilijipa sababu kwamba gari ni langu, mafuta ni yangu na mayai ni yangu, na kwa wiki tatu nilimfuatilia bila yeye kujua. Jumapili gari hubaki kwake na ruhusa ya kulitumia nilimpa mimi, kwa mdomo wangu, alipoanza kazi. Nikaona kwamba kila Jumapili gari linasimama Chang'ombe kwa saa mbili, mahali pale pale. Nikajenga hadithi kichwani kwamba anabeba mizigo ya watu. Jumatatu ya nne nilimwuliza, nikitaja mtaa na saa. Alinyamaza, kisha akanieleza jambo la familia yake ambalo hakuwa na sababu yoyote ya kunieleza na ambalo sitaliandika hapa. Alimaliza kwa kusema, "Mama, ungeniuliza tu." Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili, na kuanzia siku hiyo kwa muda mrefu alikuwa akinipa hesabu na shikamoo bila kuniangalia.

Nimeeleza habari hiyo kwa sababu watu wengi, wanaposikia mtu akidai faragha ya safari, hujibu kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Kijana yule hakuwa akificha ubaya wowote. Alikuwa na jambo ambalo ni lake, na ramani ililitoa nje kwa kuandika mahali na saa tu, bila kuandika neno hata moja. Mwaka 2013 watafiti waliochambua miezi 15 ya kumbukumbu za simu za watu milioni moja na nusu waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu hao, hata majina yakiwa yameondolewa. Nukta nne ni chache mno. Kirikuu langu linazitoa kabla halijafika Kurasini.

Sasa nije darajani, kwa sababu pale ndipo ninapoona kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na fedha zake zilitoka asilimia 60 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na asilimia 40 Serikalini, jambo linaloeleza kwa nini tunalilipia: fedha ya wanachama wa mfuko haina budi kurudi. Sisi wa Kigamboni tumelalamikia viwango vyake kwa miaka, na mwaka 2022 vilipunguzwa. Hoja ya kiwango nitawaachia wengine. Ninachotaka kitazamwe ni namna malipo ya taslimu yanavyofanyika: gari linasimama, mkono unatoka dirishani na noti, mkono mwingine unarudisha risiti, kizuizi kinainuka. Kinachohitaji kujulikana ni aina ya gari tu, ili litozwe kiwango chake. Hakuna anayehitaji kujua kama ndani yuko mwenye gari au dereva, anatoka kwa nani, wala kama wiki iliyopita alipita pia. Hata kama kuna kamera juu ya kibanda, malipo yenyewe hayaihitaji. Barabara imelipwa, na msafiri ameondoka na safari yake.

Anayelipia kwa wiki au kwa mwezi hupata unafuu, nami siwalaumu wanaochagua hivyo, lakini malipo ya namna hiyo hayawezi kufanyika bila kitu cha kumtambulisha mlipaji kila anapopita, kiwe kadi au namba ya gari. Kadi ya kujaza salio, kama N-Card tunayogusisha tunapopanda kivuko cha Magogoni, inaweza kuelekea upande wowote: salio likikaa kwenye kadi isiyo na jina, ni kama noti; kadi ikifungamanishwa na namba ya simu, basi imefungamanishwa na alama za vidole, kwa kuwa tangu Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Uamuzi wa upande gani ifuate hufanywa na anayebuni mfumo, siku ya kwanza, mezani, mara nyingi bila msafiri kuulizwa.

Ipo njia nyingine ya kulipia barabara ambayo tunaitumia kila siku bila kuiita tozo ya umbali, ingawa ndivyo ilivyo. Katika bajeti ya 2017/18 Serikali ilifuta ada ya leseni ya mwaka ya magari, ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Anayetembea zaidi huchoma zaidi, na anayechoma zaidi hulipa zaidi. Lori zito hulipa kuliko Kirikuu. Na pampu haijui kama mafuta hayo yalikupeleka msibani Mkuranga au harusini Tegeta. Kwa jicho langu la sasa, hiyo ni tozo yenye heshima kuliko zote. Udhaifu wake unafahamika: magari ya gesi, ambayo foleni zake jijini tunaziona wenyewe, na yale ya umeme, yako nje ya lita. Pendekezo la kuitoza gesi ya magari liliingia katika bajeti ya 2024/25, na barabara ya haraka ya Kibaha hadi Chalinze, ambayo Serikali imekuwa ikiitafutia mbia wa sekta binafsi, imekusudiwa kulipiwa na watumiaji wake. Siku si nyingi, basi, mtu atakuja na hoja kwamba njia rahisi kuliko zote ni kulifungia kila gari kisanduku kinachohesabu kilomita. Mimi ninacho. Najua kinahesabu nini zaidi ya kilomita.

Wenzetu wamekwisha kulipitia swali hili. Hong Kong ilifanya majaribio ya tozo ya barabara ya kielektroniki kati ya 1983 na 1985, magari yapatayo 2,500 yakafungiwa kifaa cha kuyatambulisha yanapopita juu ya nyaya zilizofukiwa barabarani. Mitambo ilifanya kazi vizuri. Mpango ukaachwa, na mojawapo ya sababu ilikuwa hofu ya watu kwamba kutakuwa na ofisi inayojua nani alipita wapi na saa ngapi. Singapore, iliyokuwa ikitoza kwa vibali vya karatasi tangu 1975, ilipohamia mfumo wa kielektroniki mwaka 1998 ilitumia kadi yenye salio inayochomekwa kwenye kifaa garini: gari likipita chini ya lango, salio linakatwa hapo hapo, na kamera hupiga picha palipokuwa na tatizo la malipo. London ilichagua njia tofauti Februari 2003, ikaweka kamera zinazosoma namba ya kila gari linaloingia katikati ya jiji, lililolipa na lisilolipa. Foleni hutozwa katika miji yote miwili, lakini kumbukumbu inayobaki ya msafiri mwaminifu si sawa hata kidogo. Na Singapore yenyewe, tangu 2023, imeanza kufunga vifaa vipya vinavyotumia setilaiti, ndugu wa hiki changu.

Atakayesema kwamba kumbukumbu zikiondolewa majina hazina madhara, namrejesha New York. Mwaka 2014 mamlaka za jiji lile zilitoa kumbukumbu za safari milioni 173 za teksi, namba za teksi zikiwa zimefichwa kwa mahesabu ya kompyuta, na haikuchukua muda mwanaprogramu mmoja akazifichua zote, kwa sababu namba za teksi zilikuwa chache kiasi kwamba kompyuta iliweza kuzijaribu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeiba kitu. Kilichotolewa kwa nia njema ndicho kilichotosha.

Sitaki nieleweke kwamba kila kufuatilia ni kubaya. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, na mlio unaosikika dereva anapozidisha mwendo nimeushukuru mara nyingi nikiwa njiani kwenda Songea. Basi lile ni chombo cha umma, liko kazini, abiria wamo ndani, na kinachopimwa ni mwendo. Lakini hata pale ningependa kumbukumbu iwe ya basi, isiwe ya abiria wa kiti namba kumi na mbili.

Sheria tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake, na Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda kokote nchini; mimi naziona ibara hizo mbili zinakutana ndani ya gari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, amweleze mhusika kusudi lake kabla ya kukusanya, asizitumie kwa jambo jingine, na asikae nazo kupita haja. Mhusika ana haki ya kuziona, kuzisahihisha na kudai fidia akidhurika. Kwa sheria hiyo, yule bwana wa Mbezi Beach alikosewa, na mbele ya dereva wangu mimi ndiye niliyekosa.

Kwa hiyo niliiandikia kampuni barua, nikauliza mambo manne: nani katika ofisi yao anaweza kufungua ramani ya gari langu, kumbukumbu za safari zinatunzwa kwa muda gani, seva iko nchi gani, na kama wamesajiliwa na Tume. Kuhusu muda, mtu mmoja alinijibu kwa simu kuwa ni miezi sita, mwingine akasema mwaka. Kuhusu seva nilijibiwa "iko nje", na nilipouliza nje wapi, nikaambiwa watanipigia. Kuhusu usajili sijajibiwa. Kuhusu wafanyakazi, meneja aliniambia kwa upole kwamba sasa orodha ya wateja inaonekana kwa watu wawili tu, na kwamba wametengeneza akaunti ya mfano yenye gari la ofisi kwa ajili ya kuwaonyesha wateja wapya. Hilo la mwisho nimelihakiki mwenyewe; nilipita dukani mwezi uliopita, na kijana yule yule alinionyesha gari la ofisi likiwa limeegeshwa mlangoni. Nampongeza.

Kwa mtu anayeniuliza kama anunue, jibu langu ni hili: anunue ikiwa gari linabeba mali na linaendeshwa na mwingine, baada ya kumwambia dereva na kukubaliana naye saa za kazi, na baada ya kudai majibu ya yale maswali manne kwa maandishi. Kwa gari la familia, linaloendeshwa na mke, mume au mtoto mkubwa, kwangu mimi hapana. Kati ya alama kumi, kifaa nakipa nane. Huduma inayokizunguka naipa nne, na mbili kati ya hizo ni ya ile akaunti ya mfano.

Changu nimekibakiza, kwa masharti. Nilimwita fundi umeme wa hapa Kibada akaweka swichi kwenye waya wa kifaa, mahali ambapo dereva anaifikia, na kwa kuwa kifaa hakina betri yake ya ndani, swichi ikizimwa nacho kinazimika. Jumamosi jioni, akishamaliza kunikabidhi hesabu, anaizima mbele yangu. Jumapili nzima ramani huonyesha gari likiwa pale pale lilipoegeshwa, chini ya mwembe wangu, ingawa nikichungulia dirishani naona halipo. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri alama inaanza kusogea kuelekea darajani.